Kicheko Kilichonifukuza Ushetu

Kabula mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi, ukaitikia kwa uso wa mtu aliyemeza jiwe, kwa hiyo salamu tuziache. Umekwenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya. Nimevuta kigoda mlangoni niandike kabla jua halijazama, maana mwandiko wangu ni mbaya hata mchana.

Sitakuandikia habari za kufua sare wala za kuchagua marafiki. Hayo masista watakuambia mpaka masikio yaume. Nimekaa kuandika kwa sababu ya lile swali lako la jana. Tulikuwa tunapepeta mtama, ukaniambia, "Mama, Mama Helena amemweleza Helena mambo yake yote. Kwamba anaogopa ngurumo, kwamba utotoni alikuwa anakula mkaa. Mimi wewe sijui hata unapenda nini."

Nikakujibu, "Napenda watu wasioniuliza maswali."

Ukainama, ukaendelea na ungo wako. Nilikuona midomo ikitetemeka, nikaendelea kupepeta. Jibu lile lilikuwa la kweli, ila halitakufaa huko. Upande ule wa Geita, ilipo hospitali unayokwenda kujifunza uuguzi, yuko mtu ambaye siku moja atakuuliza mama yako ni mtu wa namna gani, na hatakuuliza kwa mapenzi. Afadhali uende ukiwa na la kusema.

Basi nisikilize. Mimi ni mtu wa kula nimesimama. Ugali wa katikati ya chungu naachia wengine, mimi napenda ukoko, tena ulioungua. Ugoro navuta, unajua, na najua kwamba unajua. Mtu akinishika mkono kwa muda mrefu natamani kumng'ata. Wale kuku vilema ninaowanunua sokoni, ambao masista wanasema ninawaonea huruma, nawanunua kwa sababu kuku kilema hakimbii mbali. Mchezo wangu ni isolo, bao la kwetu. Yale mashimo nyuma ya nyumba ambayo ulikuwa unayafukia ukidhani ni ya panya, ni yangu. Nacheza peke yangu, pande zote mbili, na upande ukishindwa nautukana. Ulikuwa ukiniona nasogeza midomo unafikiri nasali.

Na nacheka watu wakianguka.

Hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho kuliandika. Siyo kuanguka tu. Mtu akiumia mbele yangu, mtu akinitisha, habari mbaya ikinifikia, kicheko kinanitoka. Hakitoki moyoni. Kinaanzia chini ya mbavu kama kwikwi, kinapanda, na kikishafika kooni hakuna dawa. Hujawahi kukisikia kwa sababu tangu uzaliwe, kila kinaponijia nakimbilia nyuma ya nyumba najiziba mdomo kwa kanga. Ukikumbuka vizuri, hujawahi kuniona kwenye mazishi yoyote nimesimama karibu na kaburi.

Nilizaliwa nacho. Kwetu, upande wa Mhunze, nilipokuwa binti wa kuchunga ndama, mdogo wangu alianguka kutoka juu ya ghala akavunjika mkono, mfupa ukatokeza. Nilikaa chini nikacheka. Baba yangu, Masunga, alinipiga kwa fimbo ya kuchungia, na kila aliponipiga nilizidi, na kila nilipozidi alipiga, mpaka mama yangu akaja akamshika mkono, siyo kwa kunionea huruma, bali kwa sababu majirani walikuwa wamekusanyika. Mama akanisugua pilipili mdomoni. Akaniambia, "Wewe utakuja kucheka juu ya kaburi la mumeo." Watu husema maneno ya mama yanafuata mtoto kama mkia. Mimi nasema mama yangu alikuwa na hasira tu. Lakini alipatia.

Sasa nikuambie habari za baba yako. Nilikudanganya kwamba alikuwa mtu wa reli na kwamba alikufa kwa homa. Hakuwahi kufanya kazi reli. Jina lake lilikuwa Luhende, mtu wa Ushetu, na alikuwa akichoronga mwamba chini ya ardhi kwenye mgodi wa dhahabu Geita. Alipita kwetu akienda kununua ng'ombe, akaniona, akarudi na ng'ombe wa mahari, baba yangu akawapokea haraka kabla mchumba hajanisikia nikicheka. Nikaenda naye Geita, tukaishi kambini kwa wafanyakazi, chumba kimoja, ukuta wa bati, huku Mzinza, huku Mnyamwezi, kila mtu anajua mwenzake kala nini.

Alikuwa na miguu mibaya kama yako, vidole vimepandana. Alikuwa mpole kupita kiasi. Yeye ndiye aliyenifundisha isolo, ingawa wanaume wenzake walimcheka kwa kucheza na mke. Nikawa namshinda, halafu namzomea. Siku moja mwamba ulimwangukia mwenzake, akaja kunieleza jinsi walivyomtoa yule mtu vipandevipande. Nami nikacheka. Nilijiziba kwa mikono miwili, wapi! Nikangoja kipigo. Yeye akaniambia, "Wewe hucheki. Wewe unalia kwa meno."

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniona hivyo. Ningekuwa na akili ningemwomba awaeleze ndugu zake siku ileile.

Tukamzaa mtoto wa kiume, Ndaki. Ndiyo, unaye kaka. Kaa kidogo na neno hilo ndipo uendelee kusoma.

Ndaki alipokuwa mtoto wa kupoteza meno ya utoto, baba yako akaanza kukohoa. Mwanzoni kikohozi kikavu, kisha chenye damu. Walikuwepo wengi kambini wenye kifua kile. Wachorongaji walikuwa wakipanda kutoka shimoni weupe kwa vumbi, nyusi na kope, kama watu waliopakwa unga, na waliokaa muda mrefu wote walimalizika kwa namna moja. Mnyapara alimwambia, "Luhende, nenda nyumbani ukapumzike." Kila mtu kambini alijua maana ya kupumzika. Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Wazungu. Tukarudi Ushetu kwa mama yake na kaka yake mkubwa, Maganga.

Maganga alimpenda mdogo wake. Naliandika hili ili usije ukamfanya jini. Alimchinjia mbuzi, alimchemshia mizizi, alilala naye nyumba moja akimwinua usiku akikohoa. Mimi alinitazama kwa jicho la pembeni, lakini nani hamtazami mgeni hivyo?

Siku moja mchana walikuja ndugu kumjulia hali. Wanaume walikaa kivulini mwa ghala wakinywa pombe ya mtama. Baba yako akajisikia kukohoa, na kwa kuwa aliona aibu kutema damu mbele ya mama yake, aliinuka aende kando. Ndama alikuwa amefungwa pale, kamba ndefu. Mguu ukanasa. Akaanguka kifudifudi juu ya chungu cha pombe, chungu kikapasuka, pombe ikamrukia Maganga usoni na ikamwingia mdomoni mzee mmoja aliyekuwa amesinzia. Kulikuwa kuanguka kwa kuchekesha, Kabula. Watoto walicheka. Hata Maganga alicheka huku akijifuta. Kisha wakanyamaza mmoja mmoja, kwa sababu Luhende hakuinuka.

Mimi peke yangu niliendelea.

Nilimgeuza, kichwa chake kikawa mapajani mwangu, damu inamtoka mdomoni na puani ikichanganyika na machicha ya pombe, macho yake yananiangalia. Nikacheka. Mama mkwe alinishika nywele akanivuta nyuma akiuliza, "Unacheka nini? Wewe, unacheka nini?" Nami nikacheka. Maganga akanipiga kofi moja tu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwacheni. Tumsikilize vizuri." Wakasimama wote kunisikiliza. Baba yako akakata roho nikiwa nacheka, na kila mtu katika mji ule alisikia.

Na Ndaki alikuwa amesimama pale, ameshika ncha ya ile kamba. Ndiye aliyekuwa amemfunga ndama.

Walimzika jioni. Mimi nilifungiwa katika banda la mbuzi. Siku iliyofuata akaitwa mfumu, mganga wa kwetu anayetazama matumbo ya kuku. Kuku akapasuliwa, mfumu akaonyesha doa kwenye bandama akasema ni mtu wa ndani. Hakunitaja. Hakuwa na haja. Mama mkwe akalia, "Nogi! Mchawi tumemlisha wenyewe!" Nilitaka kusema kifua, nilitaka kusema nendeni Geita mkaulize wangapi wamekufa hivi. Nilipofumbua mdomo, unajua kilichotoka.

Hawakuniua. Mwanangwa, mkuu wa kijiji, alikataa damu kumwagika katika eneo lake, akaniamuru niondoke kabla ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni. Walinikata nywele kwa kisu butu. Wanawake niliokuwa nikitwanga nao walipanga mstari njiani, na mmoja, ambaye mtoto wake nilimnyonyesha alipougua, alinitupia majivu ya moto kifuani. Ile alama uliyokuwa ukiniuliza.

Ndaki alikuwa mtoto wao, ng'ombe walikwisha kulipwa. Alinishika nguo akaniita, "Mayu! Mayu!" Mayu ni mama, kwa lugha yetu. Maganga akamchomoa kidole kimoja kimoja kama mtu anayetoa miiba. Mtoto akalia. Na mimi, mama yake, nikasimama mbele yake nikacheka mpaka nikapiga magoti. Hilo ndilo la mwisho aliloliona. Niliinuka nikaondoka.

Nilikuwa na jambo moja ambalo hawakulijua. Wewe ulikuwa tumboni, mimba changa. Ningesema, wangeniweka kwenye banda mpaka nijifungue, kisha wangekuchukua, kwa kuwa mtoto wa ng'ombe zao ni mtoto wao. Sikusema. Kwa hiyo wewe, Kabula, kwa desturi za watu wetu ni kitu cha wizi. Nilikuiba Ushetu nikakupitisha mbele ya macho yao wote, na hilo ni jambo moja maishani ambalo nimelifanya vizuri.

Nilitembea hadi Kagongwa, nikapata lori la pamba. Baba yangu Mhunze hakunifungulia mlango. Aliogopa kudaiwa ng'ombe. Alizungumza kutoka ndani, "Kicheko chako kipeleke kwingine." Nikaja hapa Shinyanga, nikapata kazi kwenye kinu cha pamba, nikakuzaa mvua ikinyesha. Ndiyo maana ya jina lako. Masista wakanifundisha kusoma na kuandika nikiwa mtu mzima, pamoja na watoto walionicheka mimi kwa zamu yao.

Sasa nakuja kwako. Ulipokuwa na miaka kama sita, mtoto wa jirani alifariki, tukaenda, tukasimama mbali. Walipomteremsha kaburini, nikasikia sauti nyuma yangu. Ulikuwa umejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Nilikubeba mpaka nyumbani nikakupiga kuliko nilivyowahi kupigwa. Ukakimbia, ukaanguka juu ya jiwe la kusagia, goti likapasuka, nami nikakufuata nikaendelea. Nikakusugua pilipili mdomoni kama mama yangu. Kila ulipocheka pasipo mahali pake, nilikupiga. Baadaye nikawa nakupiga hata palipokuwa mahali pake, kwa kuwa sikuweza kutofautisha, na kwa kuwa sauti yenyewe ilinirudisha katika banda lile la mbuzi.

Umeacha. Mama Helena huniambia, "Mwanao ana adabu, lakini uso wake ni kama sinia lililooshwa." Nililenga kicheko kimoja nikaua vyote. Umefikisha umri wa kwenda zako na sijawahi kukuona ukicheka kitu cha kuchekesha. Unadhani nakuchukia. Wakati mwingine nilikuchukia kweli, kwa kuwa ulikuwa na mdomo wangu. Sikuombi radhi. Ningewekwa tena kwenye kaburi lile nikasikia sauti ile nyuma yangu, naogopa ningekubeba vilevile nyumbani. Ninachokuambia ni kwamba haikuwa dawa, na sasa ninajua.

Unamkumbuka yule kijana aliyekuja mwaka ule wa ukame, mwenye koti la kijivu, ukampa maji kwenye kata? Nilikuambia ni mnunuzi wa ngozi. Ulimsalimia shikamoo, akakuitikia marahaba bila kukutazama, kisha nikakutuma kwa Mama Helena kuomba chumvi ambayo tulikuwa nayo tele.

Alikuwa Ndaki. Alinitafuta kutoka Kagongwa kwa kuulizauliza. Alisimama pale pale nilipoketi sasa, mrefu, miguu ya baba yake. Nilimtambua kabla hajajitaja.

Akaniita kwa jina la baba yangu, "Wewe ndiye Ng'wana Masunga?"

Nikasema, "Ndimi. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kuuliza neno moja, kisha naenda zangu Geita. Nimepata kazi pale mgodini, alipokuwa baba." Akawa anakunjakunja kofia yake. "Siku ile, ndama nilimfunga mimi. Bibi aliniambia nimfunge nyuma ya banda, nikamfunga kwenye njia kwa sababu ya uvivu. Tangu siku ile naota kamba. Sasa niambie wewe mwenyewe. Ni wewe uliyemuua, au ni ile kamba?"

Kabula, jibu nilikuwa nalo. Si mimi wala si kamba, mwanangu. Baba yako alikuwa amekwisha kufa kabla hajainuka pale kivulini. Kifua ndicho kilichomuua, na kifua alikipata shimoni. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwona mtoto wangu amesimama mbele yangu, mwanamume mzima, amebeba kamba ile miaka yote, na kitu kilichonitoka ni kilekile. Nilicheka mbele ya uso wake. Nilishika nguzo ya mlango nikacheka.

Hakunipiga. Alinitazama, na nikaona mabega yake yakishuka taratibu, kama ya mtu aliyetua mzigo. Akasema, "Basi ni wewe." Akavaa kofia. Akasema tena, kwa sauti laini kabisa, "Asante. Ni wewe." Akaondoka.

Ningeweza kumkimbilia. Kicheko kilipoisha alikuwa bado anaonekana pale kwenye reli. Nilikaa. Nilijiambia kwamba nimempa zawadi: mtu mwenye mchawi wa kumlaumu hulala usingizi, mwenye kamba hapati. Nikasema moyoni, acha nibaki mchawi, nimekwisha kuzoea. Nilijiona mama mwema, mara moja tu maishani, nikajisifu kwa siku nyingi.

Mwaka huu baada ya mavuno, dereva mmoja wa lori la pamba aliniambia anamfahamu Ndaki wa mgodini. Anachoronga mwamba, mkono hodari, wanyapara wanampenda. Nikauliza hali yake. Akasema, "Mzima, ila kikohozi. Wenzake wanamwambia atoke chini aombe kazi ya juu. Yeye anawacheka. Anasema kwao hakuna anayekufa kwa vumbi, kwao watu wanalogwa, na yeye anajua mchawi wao alipo."

Umeelewa? Zawadi yangu ndiyo inayomwua. Nilimwachia mchawi ili apate usingizi, na kwa sababu ana mchawi haogopi vumbi. Nilimtuma yule dereva akamwambie ukweli. Akarudi na jibu: "Salamu za mchawi sipokei."

Masista waliposema utapelekwa hospitali ya upande ule, ulidhani nimekasirika kwa sababu sitaki usome. Nilinyamaza siku tatu nikifikiri nikuzuie, kwa kuwa ukishajua haya utaniona kama wanavyoniona wao. Nimeona nisikuzuie. Hapa huna cha kukosa zaidi ya mimi.

Basi ukifika, usimkimbilie. Jifunze kwanza kazi yako, uvae ile sare, mtu akikuona ajue wewe ni mtu wa dawa. Kisha mtafute. Usimwite kaka. Msalimie shikamoo kwa kuwa ni mkubwa wako. Mwambie kwamba wewe ni binti wa Luhende. Hataamini, mwonyeshe miguu yako. Akikuuliza mama yenu ni mtu gani, mwambie yote niliyoandika, na ugoro, na kuku vilema, na matusi ya isolo, asije akafikiri umemletea malaika. Mwambie mwanamke huyo alimcheka baba yake akifa na alimcheka yeye akilia, na kwamba hakuna siku aliyojua kujizuia. Usinitetee. Ukinitetea ataacha kukusikiliza, nami nakuhitaji usikilizwe neno moja tu: kwamba baba yenu aliuawa na vumbi. Lirudie mpaka lichoshe. Akitaka kuendelea kuniita mchawi, aniite, ila aniite akiwa juu ya ardhi.

Pengine atakufukuza. Pengine atakutemea mate mbele ya watu, kwa kuwa una mdomo wangu. Ikiwa hivyo, usirudi hapa kulia. Sitajua la kufanya na machozi yako, nitakuumiza tu. Futa uso, urudi kazini, umwendee tena mwezi unaofuata. Wewe umezoea kupigwa na mtu unayemhitaji. Hilo nilikufundisha mimi, basi angalau litumike.

Na huko ukisikia kitu cha kuchekesha, Kabula, kicheke. Mimi siko.

Jua limezama na nawasikia mnarudi na nyimbo zenu. Barua hii nitaishona ndani ya mto wako, utaiona ukishafika. Kesho sitakuja kituoni. Nitaaga hapa mlangoni, mkono mmoja, haraka, kisha nitakwenda nyuma ya nyumba, nawe utapanda lori bila kusikia chochote kutoka huko.

Ukiniandikia, niandikie habari za chakula na za mvua. Za Ndaki usiniandikie, za heri wala za shari, mpaka siku atakapokubali kutoka shimoni. Siku hiyo niandikie neno moja, "Katoka," usitie na salamu. Barua zako zikiendelea kuniambia habari za chakula tu, mwaka hadi mwaka, nitazisoma nikijua.

Ni mimi niliyekuiba,
Ng'wana Masunga, mama yenu.